Wafundishwe Kupima: Mjadala wa Tungue

Kusini ya mto Ruvuma, pale pwani ya Msumbiji inapoanza, ipo ghuba ya Tungue na mji wake wa Palma. Wareno waliitwaa nchi hii kutoka mikononi mwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1887, lakini Kiswahili hakikuondoka na bendera ya Sultani. Hadi leo kinasemwa sokoni na barazani pamoja na Kimwani, Kimakwe na Kimakonde, huku shuleni watoto wakisoma kwa Kireno. Ni nchi ya wavuvi, minazi na muhogo. Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 viliifikia Palma tarehe 24 Machi 2021, na maelfu ya watu wakakimbilia Quitunda, mji wa Pemba ulio makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, na hata ng'ambo ya mto, Tanzania. Wengi wamekwisha kurudi.

Katika hali hiyo, habari ya wanafunzi wa sekondari kulelewa na mwanabiolojia ili wafanye utafiti wa tiba inaweza kuonekana ni anasa. Mimi siioni hivyo, na naegemea upande wa wanaosema wafundishwe. Lakini hoja za upande wa pili ni nzito, na wanaozitoa ni watu waliouguza wenzao miaka mingi, kwa hiyo sikutaka kuzijibu peke yangu mezani. Nimeweka wasemaji watatu. Ni wa kutungwa: binti wa Tungue anayefundisha biolojia Pemba, mjomba wake, muuguzi mstaafu, na msichana wa darasa la 11. Mambo ya utafiti, ya magonjwa na ya vita wanayoyataja yametokea kweli.

BINTI: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Nimesikia unataka kuwafanya watoto wa shule madaktari.

BINTI: Siyo madaktari, mjomba. Nataka wachache wa darasa la 11 wajifunze kuuliza swali la afya na kulitafutia jibu kwa kupima, wakiwa na mtu wa kuwasimamia hatua kwa hatua. Jambo hili si geni katika pwani yetu. Kilifi, kule Kenya, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza 1989. Kituo kile kinawapokea vijana wa pale pale Kilifi waliomaliza sekondari, wanakaa miezi mitatu ndani ya maabara na ofisi, kila mmoja chini ya mtafiti wake. Wanasayansi nao huenda mashuleni, na wanafunzi huja kuona damu inavyopimwa na kuuliza inakopelekwa. Na Tanzania, tangu 2011, wapo Young Scientists Tanzania: wanafunzi wa sekondari wanachagua swali lao, wanalifanyia kazi na mwalimu wao, kisha wanakwenda kulitetea Dar es Salaam mbele ya waamuzi.

MJOMBA: Kilifi kuna umeme, kuna majokofu, kuna mishahara. Na hicho kituo hakijahama hata mara moja kwa sababu ya risasi. Wewe unakuja mahali ambapo mwalimu wa biolojia anachora seli ubaoni kwa chaki, na mtoto anamaliza shule hajapata kuweka jicho kwenye hadubini. Ungeniambia unaleta vitabu na madawati, ningekushika mkono. Utafiti ni paa, mwanangu, na hapa hata msingi haujachimbwa.

Hoja hii ya mjomba ndiyo inayosemwa zaidi, na wanaoisema wana haki ya kuisema. Ila ina kasoro moja. Inachukulia kwamba utafiti ni chumba chenye mashine, na kwamba mtoto asiye na chumba hicho asubiri. Angesubiri mpaka lini? Waliomaliza sekondari Palma kabla ya vita walisubiri, wakamaliza, na chumba hakikuja.

BINTI: Nikuulize, mjomba. Ulisomea uuguzi Nampula. Uliwahi kuona konzo?

MJOMBA: Niliiona. Usinikumbushe. Ilikuwa 1981, mwaka wa ukame. Mama analala mzima, anaamka asubuhi miguu imekaza, hawezi kuinyoosha. Akisimama anasimama kwa ncha za vidole, magoti yanagongana. Na watoto vivyo hivyo, wanatembea kama mkasi. Kule waliita mantakassa. Mwanzoni madaktari walidhani ni polio au virusi fulani. Wagonjwa walipita 1,000 mkoani Nampula peke yake, na hakuna niliyemwona akarudi kama alivyokuwa.

BINTI: Na ulikuwa muhogo.

MJOMBA: Ulikuwa muhogo mchungu. Watu hawakuwa na kitu kingine, na njaa haikuwapa siku za kuuanika inavyotakiwa. Yule daktari Mwaustralia, Julie Cliff, na wenzake wa Wizara ya Afya ndio waliofuatilia mpaka wakaikuta sumu ya sianidi. Ikarudi tena 1992 na 1993 mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu walipong'oa muhogo mchanga na kuula haraka haraka kwa sababu hawakuwa na hakika ya kesho.

BINTI: Na miaka ya 2000 ikaonekana Mtwara, hapo ng'ambo. Sasa hesabu mwenyewe: ukame, vita, watu kuhama na kurudi kwenye mashamba yaliyokaa bila mwenyewe. Mambo mengi yaliyoleta konzo Nampula, Tungue imeyapata tangu 2017. Sisemi ugonjwa uko hapa. Nasema swali liko hapa, na ni swali la mtoto wa sekondari, kwa sababu kipimo chake kinaingia kwenye mfuko wa shule.

MWANAFUNZI: Mwalimu, samahani kukukatiza. Kipimo chenyewe kikoje?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mjadala mwingi wa aina hii hupita juu juu na msomaji hapati kuona kitu chenyewe. Kipimo hiki kilibuniwa na Howard Bradbury na wenzake katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na kimetumika sana kaskazini mwa Msumbiji. Unachukua kichupa kidogo cha plastiki chenye kifuniko. Ndani unaweka kipande cha karatasi chenye kimeng'enya, unatia unga wa muhogo sehemu ya kumi ya gramu, yaani kiasi cha kubaki kwenye ncha ya kisu, na matone machache ya maji. Juu yake unaning'iniza karatasi ya njano iliyotiwa pikrati, isiguse maji, unafunga. Unakiacha mpaka kesho yake. Kama unga una sianidi, inapanda kama hewa na kuibadilisha karatasi: kutoka njano kwenda rangi ya machungwa, na ikiwa nyingi, kahawia kama majani ya chai. Unailinganisha na kadi ya rangi, unasoma namba. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula wameweka kikomo cha miligramu 10 kwa kilo moja ya unga. Hakuna umeme unaohitajika. Jambo moja tu lisifanywe shuleni: karatasi zenyewe zitengenezwe maabara, kwa sababu asidi ya pikriki ikikauka inaweza kulipuka kama baruti.

MWANAFUNZI: Na ikiwa kahawia? Mama yangu ndiye ameuleta huo unga. Nimwambie nini, asiupike? Tutakula nini?

BINTI: Hilo ndilo swali la kwanza ambalo kila mtafiti angepaswa kuliuliza, na wengi hawaliulizi. Jibu lipo, ndiyo maana nimechagua unga. Tia unga kwenye bakuli, weka alama ndani mahali ulipofika. Mwagia maji huku unakoroga. Mwanzoni unashuka, kisha unapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya jamvi, wembamba usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inaruka na hewa. Upike siku hiyo hiyo. Watafiti wa Msumbiji waliijaribu njia hii na kuchapisha matokeo 2007; sianidi ilipungua mara kadhaa. Kwa hiyo darasa lenu litapima unga kabla ya kulowekwa na baada ya kulowekwa, jamvi la juani na la kivulini, unga wa soko na wa shamba la mtoni. Namba hizo za Tungue utazipata wewe, na mama yako atazitumia wiki hiyo hiyo.

MWANAFUNZI: Na ikiwa wawili wetu tumesoma rangi tofauti kwenye karatasi moja?

BINTI: Mnaandika zote mbili. Mnapima tena. Hapo ndipo utafiti unapoanza, kuliko kwenye hicho kichupa.

MJOMBA: Sasa nisikilizeni, nyote wawili. Mwanangu, unga nimekubali ni swali zuri. Hofu yangu haiko kwenye kichupa. Iko kwa anayekibeba. Umesahau mambo ya kipindupindu? Mimi nimefanya kazi mkoa huu. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 watu wamekuwa wakisema kwamba anayetia dawa kisimani ndiye anayeleta ugonjwa. Wauguzi wamepigwa, wazee wa mitaa wamechomewa nyumba, wapo waliouawa. Mambo hayo yalirudi tena mwaka 2023 kuingia 2024. Na Aprili 2024, hapo kwenye bahari ya Kisiwa cha Msumbiji, watu karibu 100 walikufa maji katika chombo cha kuvulia kilichojaa kupita kiasi, wakikimbia uvumi wa kipindupindu, wengi wao watoto. Uvumi, mwanangu! Na wewe unataka msichana huyu apite nyumba kwa nyumba na vichupa, akiomba unga, anaandika kwenye daftari, kisha anaondoka? Siku mtoto wa nyumba ile akiharisha, watamtafuta nani?

BINTI: Watamtafuta yeye.

MJOMBA: Basi umeshajibu.

Sijui mtu aliyesoma mambo ya utafiti kwenye vitabu tu kama angeifikia hoja hii. Katika sehemu nyingi, kanuni za maadili ya utafiti zinauliza kama mtafiti anaweza kumdhuru anayepimwa. Mjomba anauliza kinyume chake, tena juu ya mtafiti ambaye ni mtoto. Naamini hoja hii inatosha kuuvunja mpango wowote usiokuwa na jibu lake, hata ukiwa na fedha na ukiwa umepigwa mhuri Maputo.

BINTI: Mjomba, hapo sikupingi, nabadilisha. Hakuna mwanafunzi atakayekwenda nyumba ya mtu. Kazi ifanyike barazani, mchana, siku ambayo mzee wa mtaa na shehe wametangaza kabla. Mama atakayetaka ataleta unga wake mwenyewe kwenye kikombe chake, atakaa, ataona unavyowekwa, na kichupa kitabaki pale pale kwenye sanduku la msikitini au la shule mpaka kesho, mbele ya watu. Asiyetaka haulizwi kwa nini.

MJOMBA: Na daftari?

BINTI: Daftari halitakuwa na majina ya wenye unga. Namba tu.

MJOMBA: Tena liwe wazi kwa kila mtu kulifungua. Daftari linalofichwa ndilo linalozaa maneno.

MWANAFUNZI: Babu, na mimi niseme. Nyinyi mnanizungumzia mimi kama kwamba sitajua kujilinda. Mimi ndiye ninayewajua watu wa mtaa wetu. Najua nani atacheka, nani ataleta unga wa kwanza, nani atasema ni mambo ya serikali. Mtafiti kutoka Maputo hayajui hayo.

MJOMBA: Kweli, mjukuu wangu. Lakini mtafiti kutoka Maputo akitishwa anapanda ndege.

BINTI: Ngoja niseme lililo moyoni mwangu. Miili ya watu wa kwetu imefanyiwa utafiti miaka mingi. Uwanda wa juu wa Wamakonde, upande wa Newala, mwaka 1952 na 1953 watu waliugua homa ya viungo iliyowapinda. Damu yao ikachukuliwa ikapelekwa Entebbe, Uganda, ndani yake vikapatikana virusi vya chikungunya, na dunia nzima ikavijua. Marion Robinson na Lumsden wakayaandika 1955. Ilikuwa kazi nzuri, siilaumu. Hapa Cabo Delgado kwenyewe, kuanzia 2011, watoto wa shule wamekojoa kwenye vikombe miaka mfululizo ili mayai ya kichocho yahesabiwe na ijulikane dawa igawanywe vipi. Nayo kazi nzuri. Manhiça, kusini, watoto zaidi ya 2,000 waliingia kwenye jaribio la chanjo ya malaria lililochapishwa 2004, na leo chanjo hiyo inatolewa Afrika. Watoto wetu wamehesabiwa vya kutosha, mjomba. Nataka wachache wao wajue kuhesabu.

MJOMBA: Maneno mazuri. Basi kama ni hivyo, kwa nini unga? Kichocho hakina ubishi wowote. Nimeona wavulana wakikojoa damu na kudhani ndiyo kubalehe. Dawa ipo, prazikwanteli, inagawiwa mashuleni. Kipimo nacho si kigumu: mililita 10 za mkojo, unapitisha kwenye kichujio, unaweka chini ya hadubini, yai lenyewe lina mwiba mkiani, hata mtoto hawezi kulikosa. Hicho ndicho kitawafunza tiba hasa.

BINTI: Nakataa, mjomba, na nisamehe kwa kukupinga. Mkojo ni siri ya mwili. Msichana akimkuta rafiki yake ana mayai, amekwisha kujua jambo ambalo hakustahili kulijua. Na siku dawa ikikosekana kituoni? Atamwambia nini? Wewe ulikuwa na kiapo cha uuguzi na kabati la dawa nyuma yako. Yeye ana sare ya shule.

MJOMBA: Unga nao una siri. Unamwambia mwanamke kwamba anachowalisha watoto wake kina sumu.

BINTI: Lakini namwambia na namna ya kuitoa, kwa bakuli na jamvi alilonalo.

MJOMBA: Hapo umesema. Ila mimi bado nasema kichocho kingeokoa wengi zaidi. Wahesabiwe hata konokono wa mabwawani, kama mkojo hautaki.

Konokono wa mabwawani ni wazo ambalo binti hakulijibu, na naliona ni zuri kuliko wote wawili walivyotambua. Konokono wa jamii ya Bulinus ndio wanaobeba kichocho cha mkojo. Kuwatafuta, kuwahesabu kwa majira na kuchora ramani ya mahali watoto wanapooga ni kazi halisi ya biolojia, na haimgusi mgonjwa yeyote. Hatari yake ni maji yenyewe: asiyevaa mabuti na glavu ataondoka na ugonjwa anaouchunguza. Lingekuwa swali la mwaka wa pili.

MWANAFUNZI: Mwalimu, wenzangu darasani watanicheka. Kaka zetu wote wanaangalia Afungi, kwenye gesi. Kampuni ya gesi ilisimamisha kazi Aprili 2021, na tangu hapo watu hawaachi kuulizia ajira. Mimi nikisema napima unga wa muhogo, wataniuliza unalipa kiasi gani.

BINTI: Waambie haulipi. Sitakudanganya. Lakini gesi ile ikianza kutoka, itahitaji watu wa kupima maji, hewa, samaki, damu ya wafanyakazi. Watu hao watatoka wapi? Ukiwa umejifunza kuandika kipimo bila kukipendelea, una kitu cha kupeleka Afungi, au Nampula kwenye chuo cha Lúrio, au kituo cha afya hapa hapa. Kule Lúrio wanafunzi wa udaktari na uuguzi kila mmoja hupewa familia ya kuifuatilia afya yake. Utafika umeshazoea kukaa na watu na kusikiliza.

MJOMBA: Sasa lililobaki ndilo gumu kuliko yote. Wewe utarudi Pemba.

BINTI: Nitarudi Pemba.

MJOMBA: Basi hiyo ni kazi ya wageni. Tumewaona. Wanakuja na fulana zenye maandishi, wanapiga picha na watoto wameshika vichupa, miezi mitatu wamekwenda. Mtoto anabaki na cheti na maswali asiyokuwa na wa kumuuliza. Kumfungua mtoto macho kisha kumwacha, hilo ni kosa kubwa kuliko kutomfungua. Kilifi unakokusifu, wale watafiti wanaishi pale. Watoto wao wanasoma pale.

Binti alikaa kimya, na ningekuwa mimi ningekaa kimya vilevile. Mlezi wa kweli wa mwanafunzi ni yule atakayekuwapo karatasi itakapotoka rangi asiyoitarajia mtu, na siku ambayo mwanafunzi atavunjika moyo kwa sababu namba hazilingani. Barua ya kupendekeza chuo ni jambo dogo mbele ya hilo. Kama mwanabiolojia hawezi kuishi Tungue, basi malezi hayo yawe ya watu wawili: yeye, na mwalimu wa biolojia wa shule ambaye atafundishwa kwanza, kabla ya wanafunzi, na kulipwa muda wake. Mipango mingi inamruka mwalimu huyu na kwenda moja kwa moja kwa watoto, kwa sababu watoto wanapendeza kwenye picha. Hilo naliona ni kosa lao kubwa.

BINTI: Mwalimu wa shule atakuwa mwenye daftari na mwenye ufunguo wa sanduku. Mimi nitakuja kila muhula kwa miaka miwili, barabara ikiruhusu. Isiporuhusu, tutasoma picha za karatasi kwa simu. Na nakuomba wewe, mjomba, ukae barazani siku ya kwanza. Watu wanakuamini. Umewazalisha nusu ya mji huu.

MJOMBA: Nitakaa. Lakini nina sharti. Matokeo yasomwe hapa kwanza, kwa lugha za hapa, kabla hayajafika Pemba wala Maputo. Nisije nikasikia kwenye redio habari ya unga wa jirani yangu.

BINTI: Hapo kuna tatizo. Tukikuta sumu nyingi sana, sheria na dhamiri vinanilazimisha niwaarifu watu wa afya siku hiyo hiyo. Siwezi kusubiri baraza.

MJOMBA: Siku hiyo hiyo, sawa. Lakini mwenye unga aambiwe asubuhi, na wao jioni.

MWANAFUNZI: Na jina langu? Mkiandika hayo matokeo, jina langu litakuwapo?

MJOMBA: Lisiwepo. Kwa nchi ilivyo sasa, bora wasikujue.

BINTI: Kazi ni yake, mjomba. Waliokojoa kwenye vikombe majina yao hayakuandikwa popote, na ilikuwa sawa, walikuwa wagonjwa. Huyu ndiye aliyepima.

MJOMBA: Na akija mtu usiku kumuuliza?

Hapa ndipo nisipoweza kuwasuluhisha. Moyo wangu uko kwa binti: jina la mwanafunzi wa Tungue juu ya ukurasa wa utafiti ni haki yake, na wengi wamenyimwa haki hiyo. Lakini mjomba alikuwapo Machi 2021.

MWANAFUNZI: Niandikeni sasa kwenye daftari la barazani, ambako kila mtu ananijua tayari. La kwenye karatasi ya kuchapwa, niulizeni tena nikimaliza mtihani wa darasa la 12, na mama yangu awepo.

BINTI: Tutakuuliza. Na ukikataa, hakuna atakayekushawishi.

MJOMBA: Na jamvi la kuanikia lichukueni kwangu. Lipo moja pana, halijatobolewa.